Wazee wa Mtoni na Daftari la Vifo

Ndugu zangu, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi za gazeti zilinibana, halafu bibi yangu wa Mtoni kwa Aziz Ali hakuwa anaendelea vizuri. Sasa ana nafuu. Katika kukaa naye siku hizo nimekutana na kisa cha historia ambacho nadhani vijana wengi wa mji huu hatukijui, hata sisi tuliokulia Temeke, ambako kisa chenyewe kilitokea. Vuta kiti, ni kirefu kidogo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Asubuhi moja napigiwa simu: bibi kaamka mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Nilipofika nyumbani sebule ilishajaa watu na kila mmoja ana lake. Jirani mmoja akasema hili ni jini, bibi katupiwa, na akipelekwa hospitali wakamchoma sindano tu anakufa. Shangazi akaafiki. Mjomba akaafiki. Mimi msomi wa familia nikasema nini? Sikusema kitu. Nilitoa elfu hamsini kwenye boom langu, ikanunua kuku mweusi na ubani na kulipia teksi mpaka kwa mganga, Mbagala. Tulikaa huko siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ndipo tukampeleka hospitali. Daktari akampima presha, akaitazama mashine, akaipima tena. Kisha akatuuliza, "Siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Ule mkono haujarudi mpaka leo.

Kwa muda mrefu nilidhani ni ujinga wa ukoo wetu tu. Nimemaliza chuo, nimeingia kwenye chumba cha habari, na mwaka mmoja mhariri akanipa kazi ya kuandika makala ya Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani. Mnazijua makala hizo: nukuu ya waziri, picha ya mzee mwenye mkongojo, basi. Nilipokuwa nahangaika kutafuta takwimu za wazee wa Dar es Salaam nikaangukia tafiti ambazo zilifanyika Ilala, Keko na Mtoni. Mtoni hiyo hiyo! Jioni nikamwuliza bibi kama anakumbuka watu wa aina hiyo miaka ya tisini. Akacheka.

"Wale wa madaftari? Si ndio walikuja kuniuliza habari za babu yako."

Babu alifariki mwaka 1994. Alikuwa kuli bandarini, hajafika hata miaka sitini. Alirudi kazini, akalalamika kichwa, usiku upande mmoja ukafa, na kabla ya adhuhuri ya kesho yake akawa ametangulia. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nyumbani ilisemwa siku zote kwamba babu alirogwa kwa sababu ya cheo cha unyapara.

Sasa hao wa madaftari ni nani? Mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima. Ulijulikana kwa herufi zake za Kiingereza, AMMP. Walichagua sehemu tatu: Hai kule Kilimanjaro, Morogoro Vijijini, na mitaa kadhaa ya Dar es Salaam. Wakati huo jiji lilikuwa na wilaya tatu tu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zimezaliwa juzi.

Ukitaka kujua kwa nini mradi huo ulihitajika, rudi nyuma kidogo. Tangu mwanzo hospitali za mji huu zilijengwa zikiwa na mtu fulani akilini. Mwaka 1897 Wajerumani walimaliza hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Mwaka huo huo ilifunguliwa hospitali ya Waafrika na Wahindi kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, ambaye jina lake bado lipo kwenye jengo moja la Muhimbili. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, nguvu ilikwenda kwenye zahanati za vijijini, chanjo, mama na mtoto. Silaumu hata kidogo. Watoto walikuwa wanakufa kwa surua na malaria, unaanzia wapi kwingine? Lakini matokeo yake ni kwamba anayehesabiwa alikuwa mtoto. Mtu mzima akifa nyumbani kwake Keko, anazikwa, matanga yanaanuliwa, na serikali haijui kimeondoka nini.

Ndiyo maana ripoti ya mradi huo iliyotoka mwaka 1996 katika jarida la British Medical Journal, ikiongozwa na Dk. Henry Kitange, ilijieleza kwenye kichwa chake kuwa inahusu hatima ya wale walionusurika utoto. Kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameuliza: umevuka surua, umevuka malaria, umekuwa mtu mzima. Halafu?

Namna walivyofanya inanisisimua kama mwandishi. Wengi walifia nyumbani bila daktari, kwa hiyo huna cheti cha kusoma. Basi wanakwenda kwa wafiwa. Anakuja mtu na daftari, anatoa pole, anakaa, anauliza. Alikuwa na homa? Alikohoa? Ilianza ghafla au polepole? Upande mmoja ulipooza? Fomu zile zinasomwa baadaye na madaktari, nao wanaamua mtu yule alikufa kwa nini. Ni uandishi wa habari za marehemu kabisa, ila wenyewe walikuwa na subira kuliko sisi.

Mwaka 2000 matokeo kuhusu kiharusi yakachapishwa katika The Lancet, mwandishi wake wa kwanza akiwa daktari Mwingereza, Richard Walker. Yalihusu vifo vya 1992 hadi 1995, watu wa umri wa miaka 15 hadi 64. Kwa kila watu 100,000 wa Dar es Salaam, kwa mwaka walikufa kwa kiharusi wanaume 65 na wanawake 88. Uingereza na Wales mwaka 1993 ilikuwa wanaume 10.8 na wanawake 8.6. Soma tena hizo namba. Sisi tulioambiwa presha ni ugonjwa wa matajiri na Wazungu! Hai na Morogoro pia walikuwa juu ya Uingereza, lakini Dar ilizidi wote.

Mwaka ule na mtaa ule vinaoana na babu. Kwangu mimi yumo ndani ya ile 65.

Wakarudi tena. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006 walifuatilia Hai na Dar kila anayepata kiharusi, afe au apone. Hai, katika watu 159,814, walipata wagonjwa 453. Dar, katika watu 56,517, wagonjwa 183. Ukigawanya juu juu unapata 94.5 kwa kila 100,000 kwa mwaka Hai na 107.9 Dar. Unasema aah, karibu sawa. Hapa ndipo nataka utulie, maana jambo lote la makala hii liko hapa.

Dar ni jiji la vijana. Sensa ya 1967 ilikuta mji una watu 272,821. Sensa ya 2022 imekuta mkoa una watu 5,383,728. Ongezeko hilo limeletwa na nini? Na watu kama baba zetu, waliokuja na begi wakiwa na miaka ishirini, na sisi tuliozaliwa nao hapa. Tena wengi wakizeeka wanarudi kijijini. Wazee wanaobaki ni wachache ndani ya bahari ya vijana, na kiharusi hupenda zaidi wenye umri. Kwa hiyo ukigawanya wagonjwa kwa watu wote, vijana wanawafunika wazee. Watafiti walipozipima sehemu zote mbili kana kwamba zina mgawanyo mmoja wa umri, Hai ikawa 108.6. Dar ikawa 315.9. Karibu mara tatu! Mzee wa Mtoni alikuwa hatarini kuliko mzee wa Hai kwa kiasi hicho, na hesabu ya kawaida ilikuwa inatuambia mambo ni shwari.

Bibi nilipomwambia habari ya kurudi kijijini alinikata kauli. "Kijiji gani, mume wangu? Mimi Mzaramo. Kijiji ndio hapa, nyie mmekijengea."

Kingine kilichonimaliza ni utafiti wa Gerry Mshana na wenzake uliotoka 2008. Walikwenda kuuliza watu wanaelewaje kiharusi, Hai na Dar. Sisi wa mjini tunaopenda kuwacheka wa mkoani, tusikilize. Kule Hai wengi walikieleza kama ugonjwa wa mwili. Dar es Salaam ndiko jini na uchawi vilikotawala maelezo, na mganga akawa kituo cha kwanza kwa wengi. Yaani sebule yetu ya 2019 ilikuwa imeshaandikwa miaka kumi na moja kabla, mimi niko darasani nakariri nadharia za mawasiliano.

Lakini msikimbilie kuwacheka akina shangazi. Mganga alikuwa jirani, alisikiliza, alikubali kulipwa kidogo kidogo. Hospitali je? Mwaka 1993 serikali ilianza uchangiaji wa gharama za matibabu. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wakasamehewa. Mzee asiye na kitu alitakiwa kuthibitisha kwamba hana kitu, na kwa mtu mzima aliyelea watoto sita hakuna barua ngumu kuomba kama hiyo. Presha nayo haiumi. Uchunguzi wa Ilala wa 1996 na 1997 ulikuta kwamba kati ya wenye presha kubwa hawafiki hata wawili katika kumi waliokuwa wanajua wanayo, kama mmoja katika kumi ndiye aliyekuwa kwenye dawa, na walioidhibiti hawakufika hata mmoja katika mia.

Sera ya Taifa ya Wazee ilikuja 2003, ikaweka umri wa uzee miaka 60. Sera ya Afya ya 2007 ikasema wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Halmashauri zikatoa vitambulisho. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alivua samaki. Huku Bara pensheni ya namna hiyo hatuna, na kuli wa bandarini aliyekufa bila mafao ameacha mjane wa bure. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee kama milioni 2.5 nchi nzima. Ya 2022 inakaribia milioni 3.5.

Bibi anacho kitambulisho. Nimekwenda naye. Dirisha la wazee lipo na kibao kimeandikwa vizuri kwamba wazee kwanza. Kumwona daktari, bure. Dirisha la dawa: "Hii hatuna mama, kanunue nje." Sitaji hospitali, maana naambiwa kisa hiki kipo kwingi. Vidonge vyenyewe si ghali sana kwa mwenye mshahara. Ila ni vya kila siku mpaka kufa, na bibi, kama wazee wengi, akijisikia mzima anaviacha ili visiishe. Ndivyo alivyonitisha safari hii: presha ilipanda, kichwa, nikakodi bajaji saa nane usiku. Safari hii hakuna aliyetaja Mbagala.

Sasa nimenunua ile mashine ndogo ya kupimia. Kila Jumamosi nakwenda Mtoni, namfunga mkono wa kushoto, anahesabu pumzi, mimi naandika kwenye daftari. Jumamosi iliyopita aliuliza, "Na wale waliandika babu yako kauawa na nini?"

Nikamwambia.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema yule mzee aliyesingiziwa kumroga babu kwa ajili ya unyapara alikufa hawasalimiani, na watoto wake bado wanaishi nyumba ya tatu kutoka msikitini. Akaniomba nimwitie bajaji.