Njaa Iliyopewa Jina

Msikilizaji, juma hili nakupeleka Manyoni, mkoani Singida, kwa Wagogo. Wagogo huipa njaa jina, nami nataka tulitazame jina moja.

Njaa ya 1917 hadi 1920 iliitwa Mtunya, yaani mnyang'anyano. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imepita njia ya reli ya kati. Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi lake. Mwaka 1916 akakimbia, akaingia Mwingereza. Naye akachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Ndipo mvua nayo ikakataa. Kwa jirani zao wa Dodoma pekee inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Mmoja katika kila watano!

Wazee wale wangeiita njaa ya ukame, mwenye kosa angekuwa mbingu. Lakini ukiambiwa mnyang'anyano, huna budi kuuliza: nani alimnyang'anya nani? Hawakuwa na gazeti wala baraza la kupeleka shauri lao. Walikuwa na neno moja la kejeli, na limedumu kuliko tawala zote mbili. Wapo wanaosema maskini anayetania shida zake amekwisha kuridhika nazo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Kejeli ya namna hiyo ilisikika tena, safari hii nchi nzima, katika njaa ya 1974. Novemba 1973 Serikali ilikuwa imetamka kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wawe wanaishi vijijini. Familia nyingi zikahamishwa, zikaacha mashamba nyuma, na mvua zikawa haba. Wataalamu hadi leo wanabishana kipi kilituumiza zaidi, ukame au operesheni.

Yakaja mahindi ya njano kutoka Marekani, ambayo kwao hulishwa zaidi mifugo. Watu wakayaita yanga, kwa rangi ya jezi za Young Africans. Shabiki wa Simba akajikuta anamla Yanga mchana na usiku, tena kwa foleni!

Enzi za chama kimoja, kuilaumu operesheni hadharani kulihitaji moyo. Lakini nani angemkamata mtu kwa kuutania ugali? Ugali ni wa njano, Yanga nao ni wa njano. Kosa liko wapi, afande?