Ellen White: Mwandishi wa Siku za Mwisho Aliyekataa Kutaja Tarehe

Runzewe, wilayani Bukombe, ni mji wa njia panda. Katika ukanda huu wa dhahabu, ambako mchimbaji leo yuko Geita na kesho Kahama, mahubiri ya siku za mwisho hayakosi wasikilizaji. Kwa hiyo inafaa tumpime Ellen White, mwandishi wa Waadventista wa Sabato, ambaye mafundisho yake yalifika Upare pamoja na wamisionari Waadventista Wajerumani mwaka 1903, na pande za Ziwa Victoria mwaka 1909. Hoja yangu ni kwamba maandishi yake yamedumu kwa sababu yaliitenganisha imani ya kurudi kwa Kristo na kalenda, yakaifungamanisha na kazi.

Alizaliwa Gorham, Maine, Marekani, mwaka 1827. Alipokuwa na miaka tisa, msichana mwenzake alimpiga jiwe usoni. Afya yake ikaharibika na masomo yakakatika. Jamaa zake walimwamini mhubiri William Miller, ambaye wafuasi wake walimtazamia Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita, wengi wakaiacha imani. Desemba mwaka huohuo Ellen, akiwa na miaka 17, alisema ameona maono. Mwaka 1858 alichapisha masimulizi ya vita kati ya Kristo na Shetani, yaliyokuja kuwa kitabu cha Pambano Kuu. Aliyapanua mwaka 1884 na 1888, kisha toleo la mwisho likatoka 1911. Katika miaka hiyo alionya dhidi ya kupanga tarehe mpya, na akahimiza taasisi ya afya iliyofunguliwa Battle Creek mwaka 1866 na shule ya Avondale huko Australia. Anayetarajia dunia iishe mwezi ujao hajengi shule.

Wapo watakaosema kwamba yeye mwenyewe aliingoja tarehe ya 1844. Ni kweli, tena hakuacha kuamini kwamba siku hiyo ilikuwa na maana katika unabii. Lakini baada yake hakuwapa wasomaji siku nyingine. Wengine humlaumu kwa kutumia maneno ya wanahistoria bila kuwataja. Lawama hiyo ina uzito. Dibaji ya 1888 ilikiri matumizi hayo, na toleo la 1911 likaongeza marejeo, ila kasoro haikufutika yote. Hata hivyo, kasoro hiyo inahusu namna alivyoandika. Haibatilishi alichowataka wasomaji wafanye.

Tofauti kati ya kutaja tarehe na kuhimiza kazi si ndogo. Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi la Amri Kumi walitangaza kwamba dunia ingeisha mwaka 1999 ukimalizika. Tarehe hiyo ilipopita, mamia ya waumini waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000. Shakahola, Kenya, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri wa siku za mwisho ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023. Msomaji, ukipewa kitabu cha unabii, usiishie kuuliza kinasema nini juu ya kesho. Uliza kinakutaka ufanye nini leo kwa mwanao, shamba lako na jirani yako. Kikikuamuru uviache, kiweke chini.