Shahidi wa Tatu

Ukiondoka hapa Ziwani kwa miguu, ukaziacha nyumba zilizokuwa za baraza la jiji ukaelekea Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na wapagazi wa Kiafrika waliotumikishwa katika vita vya 1914 hadi 1918, hukawii kuyafikia makaburi ya Waislamu, na huko ndiko tulikokuwa alasiri moja, tumekwisha kumzika jirani, aliposema mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenyeji wa Amu aliyehamia Nairobi ujanani: "Wote hawa, ungaliwauliza asili yao wangalikuhesabia mababa saba, lakini mama wa mama zao wangaliona taabu kumtaja."

Kauli ile ilinikumbusha suala lililowashughulisha wanazuoni kwa muda mrefu, nalo ni hili: wale waliojenga miji ya mawe katika visiwa vya pwani yetu, Manda na Pate, Kilwa na Songo Mnara, walikuwa watu gani? Shahidi wa kwanza aliyeitwa ni taarikhi. Ile ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliinukuu katika karne ya 16, yasimulia kwamba Ali, mwana wa sultani wa Shiraz, alidharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, akaabiri bahari, akafika Kilwa, akakinunua kisiwa kwa nguo. Na riwaya ya Kiarabu yaongeza kuwa nguo zile zilitosha kukizunguka kisiwa chote. Tangu hapo nasaba ya Kishirazi ikawa fahari ya miji mingi, ikahesabiwa kwa baba, na yule mama Mhabeshi akabaki mlangoni mwa kisa.

Shahidi wa pili ni jembe la wachimbuzi wa mambo ya kale. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, na Neville Chittick akachimba Kilwa katika miaka ya 1960, na wote wawili, wakiyatazama majengo ya matumbawe na vyungu vilivyotoka Uajemi na China, walielekea kuamini kuwa miji hii ilipandwa na wageni. Lakini katika miaka ya 1980 Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akateremka tabaka baada ya tabaka chini ya msikiti wa mawe, alikuta misikiti mingine midogo iliyoutangulia, na chini yake kabisa alama za nguzo za msikiti wa miti wa karne ya 8, ukizungukwa na mji wa udongo na makuti uliogeuka kuwa wa mawe polepole, kwa mikono ya wenyeji wake. Wataalamu wa lugha nao walikuwa wakisema maneno yaliyoafikiana na hayo, kwamba Kiswahili, pamoja na wingi wa maneno yake ya Kiarabu, ni ndugu wa damu wa Kipokomo, Kigiriama na Kikomori.

Mashahidi wawili wakapingana, kila mmoja na wafuasi wake, hata Machi 2023 alipotokea wa tatu. Katika jarida la Nature, wataalamu wakiwamo Chapurukha Kusimba, mtafiti wa Kikenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, walitangaza vinasaba vya watu 80 wa kale. Walizikwa kati ya 1250 na 1800 katika Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, na wengine Makwasinyi, kule bara. Joto na chumvi ya pwani huvila vinasaba upesi, ila ndani ya fuvu, nyuma ya sikio, mna mfupa mgumu kupita yote, na humo aghalabu husalia kitu cha kusomwa.

Mifupa ilisema nini? Kwamba kwa wengi wa watu wa miji ile zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, nayo ilitoka hasa kwa mama; na kwamba katika ile ya Asia, sehemu 80 hadi 90 kwa mia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na nyingine ikahusiana na Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000, wakati Uislamu ulipoenea pwani; na baada ya 1500 damu ya Uarabuni ikazidi. Asili ya mama na ya baba hupambanulika hivi kwa kuwa iko sehemu ya vinasaba ambayo mtu hurithi kwa mama peke yake, na nyingine ambayo mwana wa kiume hurithi kwa baba peke yake, hata mwili mmoja ukawa na shajara mbili.

Basi taarikhi haikusema uongo, wala jembe halikukosea. Washirazi walikuja, lakini walifika katika miji iliyokwisha kusimama, wakaoa humo, na watoto wao wakasema lugha ya mama zao. Ila tusimbebeshe shahidi huyu asichokiweza: waliozikwa makaburi ya fahari kando ya misikiti walikuwa aghalabu wenye mali na jaha, nao hawawezi kuwasemea wavuvi na wakulima wote wa pwani.

Wala si pwani yetu tu iliyotafutiwa waasisi ng'ambo. Arthur Evans, aliyeanza kufukua Knossos katika kisiwa cha Krete mwaka 1900, alidhani ustaarabu wa kale wa huko ulitiwa mbegu na wakimbizi wa Misri. Na mwaka 2017 vinasaba vikaonyesha kuwa takriban robo tatu ya asili ya watu wake ilitokana na wakulima wa kwanza wa Anatolia na mwambao wa Aegean, walioishi maeneo yale kwa maelfu ya miaka.

Nilipomweleza mzee wangu haya yote barazani, alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza kama majina ya wale wanawake yamepatikana. Nikamjibu kuwa mfupa hautunzi jina. Akanyamaza kidogo, akamwona mjukuu wake akicheza mpira karibu na mtaro, akamwita kwa Kiamu, kama alivyoitwa yeye na mamake utotoni: "Ndoo!" Na yule mtoto, mzaliwa wa Ziwani asemaye Sheng mchana kutwa, akauacha mpira akaja.