Clara, Nadia na ala isiyoguswa

Leo tuweke programu kando kidogo, niwaeleze kuhusu theremini, ala ya muziki ambayo hupigwa bila kuguswa. Aliibuni Mrusi Leon Theremin, takriban mwaka 1920.

Ndani yake mna saketi mbili zenye masafa ya juu mno kwa sikio la binadamu. Moja haibadiliki. Nyingine imeunganishwa na antena, na mkono ukiikaribia masafa yake hubadilika. Sikio hupewa tofauti kati ya hizo mbili: tuseme moja iko 170,000 Hz na nyingine 169,560 Hz, utasikia 440 Hz. Hesabu ya kutoa tu, basi! Mkono wa kulia hutafuta noti, wa kushoto huongeza au kupunguza sauti.

RCA ilipoanza kuiuza Marekani mwaka 1929, ilitangaza kwamba yeyote awezaye kuimba au kupiga mluzi ataimudu. (Sisi watengenezaji programu tunaijua sana ahadi ya aina hii.) Zikatengenezwa kama 500 tu. Theremini haina vitufe wala nyuzi. Mwili ukiyumba, noti inahama. Sasa iweke kando ya piano, ambayo noti zake hazisogei. Kosa dogo tu, ukumbi mzima unasikia.

Aliyeithubutu hali hiyo ni Clara Rockmore, mzaliwa wa Vilnius mwaka 1911. Alikuwa hodari wa fidla tangu utotoni, mpaka mkono ukamsumbua akaiacha. Theremin alimtengenezea ala ya pekee, iliyoitikia upesi zaidi na yenye oktavu tano badala ya tatu. Naye Clara akabuni namna ya kukunja na kukunjua vidole hewani ili aruke kutoka noti moja hadi nyingine bila kuteleza. Kwangu mimi, bila mtumiaji msumbufu kama huyu mashine ile ingebaki mchezo wa kushangaza wageni. Mwaka 1934 aliipiga Town Hall, New York.

Kwenye piano mara nyingi alikuwa dada yake mkubwa, Nadia Reisenberg. Mwaka 1977 ilitoka sahani yao, iliyosimamiwa na Robert Moog, yule wa sinthesaiza. Tafuta humo The Swan ya Saint-Saëns, uvae hedifoni. Piano inatangulia. Kisha Clara anaingia, hana cha kushika, na noti anaipata.