Siku Illuminati Walipopandishwa Mimbarani

Neno Illuminati unalijua. Umelisikia kwenye video zinazochambua mikono ya wanamuziki, kwenye makundi ya WhatsApp, na pengine kanisani kwenu, Jumapili, tena kwa kipaza sauti. Lakini umewahi kujiuliza liliingiaje kanisani? Kwa upande wa Marekani, ambako nyingi ya habari hizi zimepikwa, tunaweza kutaja siku yenyewe: 9 Mei 1798.

Tuanze na ukweli, maana upo. Illuminati walikuwepo kweli. Tarehe 1 Mei 1776, Adam Weishaupt, profesa wa sheria katika chuo cha Ingolstadt kule Bavaria, Ujerumani ya leo, aliunda chama cha siri cha wasomi waliotaka kupunguza nguvu za makasisi na watawala. Walipeana majina ya bandia, wakajipenyeza kwenye vikundi vya Freemason. Serikali ya Bavaria ikawapiga marufuku mwaka 1784 na tena 1785, ikakamata nyaraka zao na kuzichapisha. Chama kikafa. Kiliishi miaka isiyozidi kumi hivi.

Sasa, mwaka 1789 yakatokea Mapinduzi ya Ufaransa. Mfalme akakatwa kichwa, makanisa yakafungwa, mapadri wakauawa. Watu wa Ulaya wakabaki wanauliza: jambo kubwa hivi limetokeaje? Njaa, madeni ya serikali, kodi, hasira ya miaka mingi? Majibu hayo ni marefu na hayaridhishi moyo. Mwaka 1797 vikatoka vitabu viwili vyenye jibu fupi zaidi: ni njama. Kimoja kiliandikwa na Augustin Barruel, padri Mfaransa aliyekimbilia Uingereza. Kingine kiliandikwa na John Robison wa Edinburgh. Wote wawili walidai kuwa Illuminati hawakufa, walijificha tu, na ndio walioangusha Ufaransa.

Usidhani Robison alikuwa mtu wa mtaani tu. Alikuwa profesa wa fizikia, rafiki wa James Watt wa injini za mvuke, na alipima jinsi nguvu ya umeme inavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka, kabla Coulomb hajatangaza kanuni yake. Kwenye maabara alikuwa mtu wa vipimo. Kwenye historia alikusanya tetesi, akaziunga kwa dhana. Kumbe mtu anaweza kuwa makini sana kwenye fani yake na akazembea kabisa kwenye fani ya jirani.

Kitabu cha Robison kikavuka bahari na kufika mikononi mwa Jedidiah Morse, mchungaji wa Charlestown, jirani na Boston. Naye alikuwa msomi: vitabu vyake vya jiografia vilisomwa shuleni Marekani nzima, na mwanawe Samuel ndiye baadaye alitupa telegrafu na alfabeti ya Morse. Katika imani alikuwa mtetezi mkubwa wa mafundisho ya kiinjili dhidi ya wachungaji waliolegeza kamba.

Rais John Adams alikuwa ametangaza 9 Mei 1798 kuwa siku ya taifa ya kufunga na kuomba, kwa kuwa Marekani na Ufaransa zilikaribia kupigana. Siku hiyo Morse alisimama mimbarani Boston, akawaambia waumini kuwa Illuminati wameshaingia Marekani. Julai 4 mwaka huohuo, Timothy Dwight, mkuu wa chuo cha Yale na mhubiri maarufu, akaendeleza wimbo uleule.

Hebu jiweke kwenye viti vya kanisa lile. Ufaransa unaisikia kwa mbali, inatisha. Kanisa lako, ambalo huko Massachusetts lilikuwa linalindwa na sheria na kugharamiwa kwa kodi, unaona linapoteza ushawishi. Vijana wanasoma vitabu vya wapinga dini. Thomas Jefferson, ambaye wachungaji wengi walimshuku kuwa si Mkristo, anautafuta urais. Kisha mchungaji wako, mtu aliyebatiza watoto wako na kuzika wazazi wako, anakuambia haya yote yana mzizi mmoja. Utambishia? Angelisema mgeni barabarani, ungemwomba ushahidi. Akilisema mchungaji, linakuja limevaa joho lake.

Watu wachache waliuliza ushahidi hata hivyo. Morse akajibu katika mahubiri ya 25 Aprili 1799: anayo orodha! Alikuwa amepata majina ya wanachama wapatao 100 wa tawi moja la Freemason huko Virginia, wengi wao watu waliotoka Ufaransa na visiwa vyake. Orodha ilikuwa ya kweli, majina yalikuwa ya watu halisi. Ila ilithibitisha nini? Kwamba Wafaransa wa Virginia wana tawi la Freemason. Basi. Kutoka hapo hadi kwenye njama ya kuangusha serikali na dini kulikuwa na bonde, na Morse alilivuka kwa kuruka. Wewe ungekuwa mmoja wa wale 100, mhamiaji aliyekimbia vita, ungejisikiaje jina lako likitajwa hivyo?

Aliyemfuatilia alikuwa mchungaji mwenzake. William Bentley wa Salem alikuwa msomi wa lugha nyingi. Hakuwa mtu asiye na upande: naye alikuwa Freemason, na kisiasa alikuwa kambi ya Jefferson. Lakini hoja yake ilikuwa rahisi: tuwaulize Wajerumani wenyewe. Christoph Ebeling, msomi wa Hamburg aliyeandikiana barua na Wamarekani, akajibu kuwa kitabu cha Robison hakiaminiki. Mwaka 1799 maoni hayo yakafika magazetini, na Morse akaishiwa pumzi. Mwaka uliofuata Jefferson akashinda uchaguzi. Makanisa hayakufungwa, na Biblia hazikuchomwa.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya kufurahisha. Haikuishia. Mwaka 1935 mhubiri Gerald Winrod wa Kansas alimfufua Weishaupt katika kijitabu, safari hii akachanganya na chuki dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1991 Pat Robertson, mhubiri wa televisheni aliyewahi kugombea urais, akawataja tena Illuminati katika kitabu chake kuhusu mpango mpya wa dunia, na kikauzwa sana. Zaidi ya miaka 190 tangu Boston, na mshtakiwa ni yuleyule marehemu.

Katikati ya safari hiyo njama ilipata chombo kipya: ushuhuda. Mwaka 1972 Mike Warnke alitoa kitabu akidai aliwahi kuwa kuhani wa Shetani mwenye wafuasi 1,500 kabla ya kuokoka. Akawa nyota wa makanisa ya kiinjili. Ushuhuda una nguvu ya pekee, kwa sababu kuuhoji kunaonekana kama kuuhoji wokovu wa mtu. Miaka ya 1980 hofu ya waabudu Shetani ikatapakaa Marekani, na walimu wa chekechea huko California wakashtakiwa. Mmoja wao alikaa rumande takribani miaka mitano; kesi ikaisha mwaka 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani.

Nani aliyemfichua Warnke? Mwaka 1992, gazeti la Kikristo la Chicago liitwalo Cornerstone liliwatafuta waliosoma naye chuoni, likalinganisha tarehe na picha, likaonyesha kuwa hadithi yake haisimami. Ni walokole wenzake waliofanya kazi hiyo.

Huku kwetu mnyororo huu umefika. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za Shetani Kenya, chini ya askofu mkuu Mkatoliki, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa walokole peke yao. Mwaka 2019, Huduma Namba ilipoanza, baadhi ya Wakristo waligoma kujiandikisha wakihofia ni chapa ya 666. Ona kilichopotea hapo. Swali la kweli lilikuwepo: serikali inakusanya taarifa zetu, nani anazilinda? Mahakama Kuu ya Kenya ililichukua kwa uzito Januari 2020, ikazuia ukusanyaji wa DNA na kudai sheria za kulinda taarifa ziwekwe kwanza. Walioshinda hapo walipeleka hoja na vielelezo. Aliyebaki anapigana na mnyama wa Ufunuo hakuwa na cha kumwambia hakimu.

Kwa hiyo ukisikia habari ya njama kanisani, si lazima umdharau anayeisema. Morse hakuwa mjinga, wala waumini wake hawakuwa wajinga. Waliogopa, na walimwamini mtu wao. Lakini Torati yenyewe ilikataa mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, ikataka wawili au watatu. Kwa hiyo unapomuuliza mchungaji wako kwa heshima, "Baba, mashahidi ni nani?", hujakosa imani. Unadai kile ambacho Maandiko yake yanadai. Na kama jibu ni orodha ya majina, iombe uisome, kisha uulize orodha hiyo inathibitisha nini hasa.