Vidonge vya Hesabu

Ndugu zetu waliohamia Marekani wakipiga simu siku hizi, utasikia: "Mwalimu anasema mtoto hatulii, daktari ameona ni ADHD, ameandika dawa." Huku kambini ushauri haukosi. Mmoja atasema ati ni dawa ya kulaza watoto. Mwingine, anayejua zaidi, atasema: "Mpeni tu. Akitulia, basi kweli ni mgonjwa." Historia inawakatalia wote wawili.

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley alikuwa akitibu watoto wenye tabia ngumu huko Rhode Island, Marekani. Ili kupiga picha ya ubongo, watoto walitolewa maji ya uti wa mgongo, na baadaye kichwa kiliwauma vibaya. Bradley akajaribu Benzedrine, dawa ya kuamsha mwili. Kichwa hakikupata nafuu ya maana. Ila walimu walishangaa: watoto wanakaa, wanamaliza kazi! Wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu.

Kumbe dawa haikuwalaza. Iliamsha ile nguvu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia na kukaza fikira. Lakini tusishangilie haraka. Kati ya watoto 30, waliopiga hatua kubwa darasani walikuwa 14. Wengine hawakufika hapo, na dawa ilikuwa ileile.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba dawa hiyo humtuliza mwenye tatizo peke yake. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake wakawapa dawa ya aina hiyo wavulana wasio na tatizo lolote. Nao wakatulia, wakawa makini zaidi. Basi kutulia si kipimo cha ugonjwa.

Hilo linatuhusu sana sisi. Mtoto aliyekimbia risasi, asiyelala usiku, naye darasani hatulii. Ukimpa kidonge akatulia, hujajua bado kinachomsumbua. Wauguzi na walimu, muulizeni mama kwanza: alikuwa hivi tangu utotoni, au tangu safari ile? Nyumbani je?

Na kama daktari ameshapima akaandika dawa, mzazi usiilinganishe na ya mtoto wa jirani. Dozi huanza kidogo, huongezwa polepole. Angalia chakula, usingizi, mapigo ya moyo. Akikosa hamu ya kula au akizubaa kupita kiasi, rudi umwambie daktari. Kuna dozi nyingine, kuna dawa nyingine.