Krebs, Hans Adolf

Hans Adolf Krebs (Hildesheim, Ujerumani, 25 Agosti 1900 – Oxford, Uingereza, 22 Novemba 1981) alikuwa daktari na mwanabiokemia. Wanazi walimfukuza kazi kwa asili yake ya Kiyahudi. Akiwa ugenini Uingereza aligundua mzunguko wa asidi ya sitriki, ambao wanafunzi wa kidato cha tano na sita huufahamu kwa jina lake.

Ujerumani

Baba yake alikuwa daktari wa masikio, pua na koo. Krebs naye alisomea udaktari, kisha kuanzia 1926 hadi 1930 akawa msaidizi wa mwanabiokemia Otto Warburg mjini Berlin, alikojifunza kupima kwa manometa gesi inayotumiwa na tishu hai. Mwaka 1932, akiwa Freiburg pamoja na Kurt Henseleit, alionyesha jinsi ini linavyogeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa urea.

Kufukuzwa

Sifa za ugunduzi huo hazikumkinga. Sheria katili ya Aprili 1933 iliwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, na Krebs akapoteza kazi yake hospitalini. Mwanabiokemia Mwingereza Frederick Gowland Hopkins alimwita Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Rockefeller. Juni mwaka huohuo alivuka bahari na vitabu vichache na masanduku ya vifaa vya maabara, manometa zikiwamo.

Sheffield na mzunguko wa asidi ya sitriki

Alihamia Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 1935. Yeye na mwanafunzi wake William Arthur Johnson walitumia msuli wa kifua cha njiwa, ambao hutumia oksijeni kwa wingi. Waliusaga, wakauweka kwenye vyombo vya manometa na kuona matumizi ya oksijeni yakipungua kadiri muda ulivyopita. Walipotia sitrati kidogo, yaani chumvi ya asidi ya sitriki, yalipanda tena, kupita kiasi ambacho sitrati hiyo peke yake ingeweza kutumia. Kumbe ilikuwa ikichochea kazi bila kwisha. Walipoongeza oksaloasetati, ambayo sitrati hugeuka kuwa mwishoni, msuli ulitengeneza sitrati upya, na hapo duara likafungwa: chakula huvunjwa hatua kwa hatua, kabonidioksidi ikatoka, na oksaloasetati ikarudi tayari kupokea kingine.

Juni 1937 jarida la *Nature* halikukubali kuchapa taarifa fupi ya Krebs kuhusu ugunduzi huo, kwa kuwa lilikuwa na barua nyingi mno. Makala kamili ilitoka mwaka huohuo katika *Enzymologia*.

Heshima na miaka ya baadaye

Alioa mwaka 1938 na kupata uraia wa Uingereza mwaka 1939. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Fritz Lipmann, naye mkimbizi kutoka Ujerumani. Kuanzia 1954 hadi 1967 alikuwa profesa Oxford, na mwaka 1958 alipewa cheo cha Sir. Hakuacha utafiti hata baada ya kustaafu.

Mwaka 2015 familia yake iliuza medali ya Nobel kwenye mnada London, ili fedha zisaidie wanasayansi, wakiwemo wakimbizi.